Dirisha Halishikiki, na Kosa Si Lako

Kwako mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Mtopanga, Mombasa, na nina saiba ndogo karibu na barabara ya Malindi. Kazi yangu ni kuchapa barua, kutoa fotokopi, na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali: ritani za kodi za KRA, vyeti vya tabia njema, maombi ya mikopo ya masomo ya HELB na ya nafasi za chuo ya KUCCPS, na mengine ya tovuti ya serikali ya eCitizen. Wateja wangu wengi ni majirani, wengine hutoka Kiembeni na Utange.

Siku zote nimefanya kazi na madirisha mawili. Upande mmoja naweka picha ya kitambulisho au karatasi ambayo mteja amenitumia kwa WhatsApp, upande wa pili naweka fomu. Nasoma huku, naandika kule. Kwa njia hiyo sikosei nambari za watu.

Mwaka jana muuzaji aliniambia kompyuta zangu zimepitwa na wakati, nikanunua moja iliyotumika, yenye mfumo mpya. Hii ina alama za programu pale chini zilizokaa katikati badala ya kushoto. Tangu hapo sina raha. Nikitaka kupunguza dirisha, naupeleka mshale wa kipanya ukingoni, nabonyeza, navuta, na dirisha halitii. Mara nashika dirisha la nyuma, linaruka mbele na kufunika kazi yangu. Mara nabofya kitu ndani ya fomu bila kutaka. Ule utepe wa pembeni wa kusogezea ukurasa nao hujificha, naupapasa siuoni. Wateja wako foleni, nami napigana na ukingo. Ikifika jioni kifundo cha mkono kinaniuma.

Kijana ninayefanya naye kazi aliniambia mbele ya wateja, "Mama, huo ni umri." Nimeanza kuamini. Lakini mpwa wangu wa chuo ana kompyuta ya Apple, na juzi alilalamika kwamba tangu aiwekee mfumo mpya hawezi kushika pembe ya dirisha. Yeye ana miaka 22.

Nauliza: ni mimi au ni mashine? Naweza kurudi kwenye mfumo wa zamani? Na zile kompyuta zangu mbili kuukuu, ambazo fundi asema hazipokei mfumo mpya, nizitupe?

Mama wa saiba, Mtopanga

* * *

Dadangu, kosa si lako. Nalitanguliza hili kwa sababu naona maneno ya yule kijana yamekuuma kuliko hicho kifundo cha mkono. Kilichobadilika ni ukingo wenyewe, na walioubadilisha hawakuifikiria kazi kama yako.

Uliposema alama za chini zimekaa katikati, nimejua mfumo wako ni Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021. Fanya jaribio dogo asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Fungua dirisha moja lisilojaza skrini nzima. Ukitokea ndani ya dirisha, upeleke mshale polepole kuelekea ukingo wa kulia, na uangalie ni wapi unapogeuka kuwa mshale wa ncha mbili. Utaona kwamba ukiwa ndani haugeuki. Unageuka ukifika kwenye ule mstari mwembamba na kuuvuka, yaani pale ambapo macho yamekwisha kukuambia kwamba dirisha limeishia. Sogea kidogo tena, unarudi kuwa mshale wa kawaida, na hapo ukibonyeza umeshika kitu kingine kilicho nyuma. Hayo ndiyo yanayokupata kila siku: ukibonyeza ndani kidogo unagusa fomu, ukibonyeza nje kidogo unalivuta dirisha la WhatsApp.

Jambo hili lilianza na Windows 10, iliyotoka Julai 2015. Katika Windows XP na Windows 7, ambazo nadhani ndizo ulizoanzia, dirisha lilikuwa na fremu nene inayoonekana, na fremu hiyo hiyo ndiyo uliyoishika. Windows 10 iliikondesha hadi ikawa mstari wa pikseli moja. Kwenye skrini ya kawaida ya inchi 22, pikseli moja ni kama robo ya milimita. Waundaji walifahamu kwamba hakuna mkono wa kulenga robo ya milimita kutwa nzima, kwa hiyo wakaacha ukanda wa kushikia kando ya mstari huo, upana wake ni kama milimita mbili, ila wakaufanya usionekane. Ni sawa na kuuziwa sufuria yenye vishikio visivyoonekana, kisha ukiungua uambiwe huna mazoea ya jikoni.

Wala si kwamba elimu haikuwapo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, Paul Fitts, alionyesha kwa vipimo kwamba muda ambao mkono hutumia kufikia shabaha hutegemea mambo mawili, umbali wa shabaha na ukubwa wake. Ikiwa ndogo na mbali, mkono huchelewa. Kanuni yake hufundishwa mpaka leo kwa wanaosomea usanifu wa programu. Anayekondesha ukingo wa dirisha anajua kwamba anauongezea mkono wako muda na jitihada kila unapotaka kuugusa. Wewe unaugusa mara nyingi sana kwa siku, na jioni kifundo kinakudai.

Sasa mpwa wako. Septemba 2025 kampuni ya Apple ilitoa mfumo wa macOS Tahoe, ambamo pembe za madirisha zimeviringwa kuliko ilivyokuwa. Lakini lile eneo ambalo mashine husubiri mkono halikuifuata pembe mpya. Lilibaki pale ambapo pembe ingekuwa kama isingeviringwa. Mwanzoni mwa 2026 mtumiaji mmoja alilipima na kuonyesha kwamba kiasi cha robo tatu ya eneo hilo kiko nje ya dirisha. Mtu anapeleka mshale ndani ya pembe, mahali panapoonekana na ambapo akili inamwelekeza, anavuta, na hakuna kinachotokea. Ni mfumo mwingine wa kampuni nyingine, na maradhi ni yale yale. Mtu wa miaka 22 akilia kilio kimoja na mtu wa miaka 54, hoja ya umri imekwisha.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Apple ndio waliotufundisha njia nzuri. Kompyuta yao ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kijisanduku kwenye pembe ya chini kulia ya dirisha, kinaonekana wazi, na yeyote aliyekaa mbele yake alijua pa kuvuta. Mwaka 2011, katika mfumo ulioitwa Lion, waliruhusu dirisha livutwe kutoka kingo zote. Hilo lilikuwa jema. Ila katika toleo lilo hilo wakaiondoa alama ya pembeni na kuuficha utepe wa kusogezea ukurasa hadi mtu aanze kusogeza. Wengine wakaiga. Ule utepe wako unaojificha umetokana na mtindo huo.

Unaweza kuuliza kwa nini watu wenye akili na fedha nyingi hufanya hivi. Kwa maoni yangu sababu kubwa ni simu. Kwenye simu programu moja hujaza kioo chote, kwa hiyo hakuna ukingo wa kuvuta, hakuna madirisha mawili, na kila kitu kimesafishwa ili kioo kidogo kitoshe. Waundaji wa mifumo ya kompyuta wamekuwa wakiufuata mtindo huo kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Dirisha lisilo na fremu hupendeza kwenye picha ya tangazo. Linapofunguliwa na mtu anayenakili nambari ya kitambulisho cha mzee wa Bamburi kuiingiza kwenye fomu ya KRA, huku siku ya mwisho ya ritani, Juni 30, ikikaribia, hapo uzuri wa picha hauna msaada wowote. Kompyuta ya mezani ni chombo cha kazi. Anayeifanyia kazi mbili kwa pamoja ndiye aliyefaa kuulizwa kwanza, na hakuulizwa.

Basi tufanye nini? Ushauri wangu ni kwamba uache kuukimbilia ukingo. Kazi yako nyingi yaweza kufanywa kwa kibodi, na vidole vyako vilivyozoea kuchapa vitakushukuru.

Anza na kitufe cha Windows, kile chenye alama ya dirisha upande wa chini kushoto wa kibodi. Bofya dirisha la WhatsApp, shikilia kitufe hicho, kisha bonyeza mshale wa kushoto. Dirisha litajipanga lenyewe nusu ya kushoto ya skrini. Kompyuta itakuonyesha madirisha mengine yaliyo wazi ili uchague la kujaza nusu ya pili. Chagua la fomu. Mara moja una picha huku na fomu kule, hakuna kilichofunika kingine, na hukugusa ukingo wowote. Kama fomu inahitaji nafasi zaidi, peleka kipanya katikati, pale madirisha mawili yanapokutana. Mshale ukigeuka wa ncha mbili, vuta. Moja linapanuka na jingine linapungua kwa pamoja. Huo mpaka wa katikati ndio ukingo ninaokushauri uuvute, kwa sababu hata ukikosea kidogo hakuna dirisha la nyuma la kuruka mbele.

Katika Windows 11 ukishikilia kitufe cha Windows na kubonyeza Z, hutokea michoro midogo yenye nambari: nusu kwa nusu, theluthi mbili kwa theluthi, robo nne. Bonyeza nambari ya mchoro, kisha nambari ya mahali. Kwa kazi yako naipendelea ile ya theluthi mbili, fomu ichukue eneo kubwa na kitambulisho kidogo. Ikiwa vitufe hivi havifanyi kazi, ingia Settings, halafu System, halafu Multitasking, uwashe palipoandikwa Snap windows.

Hapa niweke neno la historia, maana linafurahisha. Windows ya kwanza kabisa, ya Novemba 1985, haikuruhusu madirisha ya programu kulaliana. Yalikaa ubavu kwa ubavu. Kulaliana kulikuja na toleo la pili, mwaka 1987. Kwa hiyo huo mpangilio wa nusu kwa nusu, ambao vijana wataudhani wa kisasa, una umri wa miaka 40.

Kuna njia nyingine, ya zamani, na inafaa kwa dirisha sugu. Shikilia Alt, bonyeza kitufe kirefu cha nafasi. Kijiorodha kitafunguka pembeni juu kushoto. Bonyeza herufi S, halafu tumia vitufe vya mishale: wa kwanza huchagua ukingo, unaofuata huusogeza. Ukiridhika, bonyeza Enter. Iwapo dirisha limejaza skrini nzima, S haitakubali. Bonyeza R kwanza lipungue, kisha rudia. Na siku ambayo dirisha limetoroka nje ya skrini, kama hutokea projekta au skrini ya pili ikichomolewa, tumia kijiorodha hicho hicho kwa herufi M, ulirudishe kwa mishale. Programu chache zilizotengenezwa kwa mtindo mpya hazikionyeshi, lakini kivinjari na Word zinakionyesha.

Jambo dogo lakini tamu: ukibofya mara mbili kwenye ukingo wa juu wa dirisha, mshale ukiwa wa ncha mbili, dirisha hurefuka kutoka juu hadi chini ya skrini bila kubadili upana. Kwa fomu ndefu za eCitizen hupunguza kusogeza sana.

Kuhusu utepe uliopotea, ingia Settings, Accessibility, kisha Visual effects, uwashe palipoandikwa Always show scrollbars. Papo hapo chini ya Accessibility kuna sehemu ya Mouse pointer. Ongeza ukubwa wa mshale na uupe rangi kali, kwa sababu kioo cha saiba inayotazama barabara hupigwa na mwanga wa jua na mshale mweupe hupotea. Zile alama za chini unaweza kuzirudisha kushoto kupitia Settings, Personalization, Taskbar, Taskbar behaviors. Hapo hapo kuna chaguo la kuzuia programu zisikusanywe ndani ya alama moja. Ukiweka Never, kila dirisha litapata kitufe chake chenye jina. Chaguo hili halikuwapo Windows 11 ilipotoka. Watu walilalamika, likarudishwa mwaka 2023. Likumbuke, nitalirudia.

Angalia na kipanya chenyewe. Kipanya cha taa kikiwekwa juu ya kioo au meza inayong'aa hurukaruka, na hapo hata ukingo mnene usingeshikika. Weka karatasi isiyong'aa au kitambaa kilichonyooka chini yake. Kasi ya mshale nayo ipunguze kidogo, ingia Settings, Bluetooth & devices, Mouse. Na mkono ukiendelea kuuma wiki hadi wiki hata baada ya mabadiliko haya, usiupuuze, nenda ukaonekane na daktari.

Mpwa wako mwambie hivi: tangu mfumo wa Sequoia wa mwaka 2024, Mac nazo zinapanga madirisha zenyewe. Ashikilie Fn na Control, abonyeze mshale wa kushoto au kulia. Na akitaka kuvuta kwa mkono, avute kwenye ukingo ulionyooka, au alenge nje kidogo ya pembe badala ya ndani.

Swali lako la kurudi nyuma nitalijibu kwa ukali kidogo, kwa sababu linahusu watu wengine. Usirudi Windows 7. Kampuni iliacha kuiziba matundu ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 nayo iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa kawaida waliojiandikisha kupata nyongeza ya ulinzi waliahidiwa hadi 13 Oktoba 2026 tu. Kwenye mashine zako hupita PIN za KRA, nambari za vitambulisho, na nywila za eCitizen za watu wanaokuamini kiasi cha kukuachia simu zao mkononi. Tena Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayomtaka mwenye kushughulikia taarifa za watu azilinde. Ukingo mnene wa Windows 7 naupenda kama unavyoupenda wewe, lakini haufai kununuliwa kwa siri za wateja.

Lakini zile kompyuta mbili kuukuu usizitupe. Windows 11 huzikataa kompyuta zisizo na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 au zenye prosesa ya zamani; kwa Intel, kwa kawaida ni zile za kabla ya kizazi cha nane. Kukataliwa huko si ushahidi kwamba mashine imekufa. Zina kibodi nzima, skrini nzima, na nguvu za kutosha kufungua kivinjari. Mwambie fundi akuwekee Linux Mint, toleo la Cinnamon. Haiuzwi, huendelea kupata ulinzi, na unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi kabla hujafuta chochote. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 huibeba bila shida. Tovuti za iTax ya KRA, eCitizen, HELB na KUCCPS zote hufunguliwa kwa kivinjari, na kivinjari kipo.

Na hapa ndipo utakapofurahi. Katika Linux Mint, ukishikilia Alt na kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali popote ndani ya dirisha, unaweza kulipanua au kulipunguza. Popote, hata katikati. Ukishikilia Alt na kubonyeza cha kushoto, unalihamisha. Shabaha si ukingo wa robo ya milimita tena, ni dirisha zima. Desturi hii iko katika mifumo ya jamii hiyo kwa miongo mingi, na sijui njia bora zaidi kwa mtu mwenye kazi nyingi na mkono uliochoka. Kama ungependa iwe hivyo kwenye Windows 11 pia, ipo programu ndogo ya bure iitwayo AltSnap inayofanya kazi hiyo. Ipakue kwa watengenezaji wenyewe, usikubali kuletewa kwenye flashi ya mtu.

Nisikufiche yanayosumbua. Kabla ya kubadilisha, hakikisha printa yako inafahamika na Linux. Nyingi zinafahamika, baadhi hazifahamiki, hasa zile za kuskani na kuchapa kwa pamoja. Na fomu za ritani za KRA zinazojazwa kwa Excel zenye makro huenda zisifanye kazi vizuri kwenye programu mbadala, kwa hiyo ibakize ile kompyuta mpya yenye Windows iwe ya kazi hizo. Nyingine mbili ziwe za kuchapa barua, kufungua barua pepe na kujaza fomu za mtandaoni. Hutakuwa na haja ya kununua mashine ya nne.

Imebaki habari ya kijana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wazee wetu wa pwani walivyosema, na yeye hajaubeba wako. Vijana wengi wa rika lake walianza na simu. Hujaza skrini kwa dirisha moja na kuruka kwenda jingine kwa Alt na Tab, kwa hiyo hawaugusi ukingo na hawajui kwamba ni mbovu. Usimkaripie mbele ya wateja kama alivyokufanyia. Mwite pembeni, mpe kitambulisho na fomu kwenye madirisha mawili yaliyolaliana, mwambie ayapange kwa kipanya tu, pasipo kibodi. Akishahangaika kidogo, mfundishe kitufe cha Windows na mishale. Kisha mwambie waziwazi kwamba hutaki tena kusemwa umri wako mbele za watu wanaokuja kwako kwa heshima. Hiyo ni biashara yako, na una haki ya kulisema hilo bila kuomba radhi.

Nilisema nitarudi kwenye malalamiko. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe cha Start ambacho watu walikuwa wamekizoea tangu 1995. Kelele zilipigwa, na Oktoba 2013, katika toleo la 8.1, kitufe kikarudishwa. Yale majina ya vitufe vya chini nayo yalirudi kwa kelele. Kampuni hizi husikia, ila husikia wanaosema, na wanaosema wengi ni watu wenye skrini kubwa na viti vizuri. Wenye saiba za Kisauni, Likoni na Changamwe hawamo katika hesabu hiyo kwa sababu hunyamaza na kujilaumu.

Kwa hiyo, dadangu, ukipata utulivu siku moja, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze F. Itafunguka programu ya kupeleka maoni kwa Microsoft. Eleza kazi yako kama ulivyonieleza mimi: madirisha mawili, kitambulisho huku, fomu kule, ukingo usioonekana. Omba fremu ionekane, au angalau kuwe na chaguo la kuirudisha. Nanyi wenzake mnaofanya kazi hii, kutoka Mtopanga hadi Mtongwe, andikeni pia, kila mtu kwa maneno yake.